Kaniki Ndani ya Fimbo

Tunduma,
Jumatatu, mvua inanyesha.

Kaka Rajabu,

Shikamoo kaka. Natumaini kifua kimepoa na vumbi la mbao halikusumbui kama ilivyokuwa mwaka jana. Magoti ya mama yanaendeleaje? Na mvua, zimefika Sindeni, au mnaangalia tu mawingu yakipita kwenda kwa wenzenu? Mimi huku ni mzima wa kula na kulala. Yaliyobaki ndiyo haya ninayokuandikia.

Najua umeishika karatasi hii kwa mashaka, maana zama hizi ukiletewa barua ujue umeshitakiwa. Ningekutumia sauti kwenye simu, lakini sauti zangu unazifungulia spika mama asikie, na mama akisikia anaita majirani. Haya siyo ya majirani. Isome peke yako hapo kibandani kwako, ukimaliza ifutie vanishi mikononi. Anayekuletea ni mzee Semhando, dereva wa malori, mtu wa Mkata. Mpe maji ya kunywa na usimkasirikie, hata ukifika pale anapotajwa.

Sauti yako ya juzi nimeisikiliza mara nyingi mpaka Neema, binti wa hapa ninapokaa, akaniuliza kama kuna msiba nyumbani. Unasema umepata mashine ya kukerezea mbao, fundi wa Mombo anaiuza. Unasema utaachana na vitanda na makochi, utatengeneza fimbo za pool kama ile uliyonipa, zinazoonekana mbovu kumbe moto, na vijana wa Korogwe na Segera wameshaanza kuziulizia. Halafu ukasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba shamba la Sindeni mnaliuza ili mashine ipatikane, na mama amekubali. Amekubali kwa sababu kila siku anasikia fimbo inanisaidia.

Kaka, usiuze. Nalisema mapema ili hata ukikasirika ukaitupa barua hapa, neno hilo uwe umeshalisoma. Usiuze shamba.

Sasa nikueleze kwa nini, na unisikilize kama unavyowasikiliza wateja wanaolipa.

Ile fimbo haikuwa na kosa. Uliiokota imevunjika kwenye baa ya pale sokoni, ukaikata katikati, ukaitia bolti ya pikipiki, ukaifungua na kuifunga mpaka mstari wa kiungo ukapotea chini ya uchafu. Rangi yake ya kuchubuka ukaiacha. Mama alipokuuliza kwa nini unatengeneza kitu kizima halafu unakipaka masizi, tulicheka mpaka ukakohoa. Na ilikuwa kweli. Mombo, Segera, Mkata, kote ilinipitisha. Naingia baa mchana hakuna watu, naiunga chooni, naichomeka ukutani katikati ya fimbo zao. Jioni narudi kama mpita njia aliyechoka, nashikashika ile na hii, naichukua yangu kama mtu aliyekosa nzuri. Napoteza mchezo wa kwanza, napoteza wa pili, nalalamika fimbo imepinda. Wanacheka. Wakishacheka vya kutosha ndipo tunaweka pesa mezani.

Lakini hilo lilitaka watu wasionijua, na watu wa namna hiyo wamekwisha. Kila meza ya pool sasa ina mtu anayepiga picha kwa simu. Nikicheza Makambako Jumamosi, Jumatatu Mbeya wananiita kwa jina. Kingine, vijana wenyewe hawataki tena kubishana na mtu mezani. Kila mmoja ana kamari yake mfukoni, anabeti mpira wa Ulaya akiwa amekaa kwenye kiti. Pool anacheza kusubiri matokeo, na akishinda anachotaka ni soda. Wale wachache wanaoweka pesa wameshaijua hila yetu. Mwenye fimbo ya nakshi kwenye begi lake wanamchekea, wanasema huyu ni mjinga mwenye pesa. Anayeacha fimbo nzuri ukutani akachukua mbovu, huyo ndiye wanayemwogopa. Ubovu umekuwa ndio alama. Umekuwa ule msemo wa kuku mgeni, kaka, kwamba hakosi kamba mguuni. Kamba yangu ulinifunga wewe, kwa mapenzi.

Ndiyo maana nikaja Tunduma. Nilisema mpakani watu hawakai, malori yanatoka kila nchi, nani atanijua. Nikajiita mtu wa Korogwe. Handeni sikuitaja hata siku moja, wewe unajua ukiitaja kwenye nchi za watu wanavyokutazama mikono, kama una tunguri mfukoni.

Ilikuwa Jumapili mchana, kabla mvua hazijaanza. Nacheza na jamaa mmoja wa kupakua mizigo, mtu wa maneno mengi na pete nyingi. Nimeshampotezea miwili, sasa nampiga wa tatu, mipira inaingia tu. Mara anaingia mzee mmoja wa makamo, kofia ya kufuma, anachechemea kwa kukaa sana kwenye usukani. Ananitazama. Anacheka meno yote nje.

"Heee! Huyu si mtoto wa Sindeni? Mdogo wake fundi Rajabu aliyenitengenezea kitanda?"

Kaka, ningeweza kusema amenifananisha. Nilikuwa na nafasi hiyo, ndogo lakini ilikuwepo. Lakini alikuwa mzee, wa nyumbani, na magoti yalijikunja yenyewe. "Shikamoo mzee," nikasema, na mikono yote miwili nikampa. Fimbo nikaiegemeza kwenye meza.

"Marahaba mwanangu, marahaba! Jamani," akawageukia wote, kwa furaha tu, "huyu kijana wetu wa Handeni! Mtamweza?"

Yule wa pete akaweka fimbo yake chini.

"Handeni?"

"Handeni, ndiyo," mzee akasema, bado anacheka.

"Ile ya waganga?"

Mtu mmoja akacheka, wengine hawakucheka. Yule jamaa akaichukua fimbo yangu, akaigeuza juani. "Nilijiuliza mimi. Fimbo imechakaa hivi, imepinda kama mkia wa mbuzi, inaingizaje mipira yote hii?" Akaanza kuipapasa. Akafika pale kwenye kiungo. Akazungusha, ikafunguka.

Unakumbuka ulichoweka pale. Ulisema chuma kikigusa chuma kitalia na watu watajua, basi ukazungushia bolti kitambaa chembamba ukakipaka nta. Mimi sikuwahi hata kukiangalia vizuri. Yeye alikivuta kwa kucha mbili, kikatoka taratibu, cheusi, kinanuka nta, na watu wakarudi nyuma kama kimetoka kinyonga.

"Mnaona? Mnaona wenyewe?"

Nikasema ni cha kuzuia mlio. Nikasema kaka yangu ni fundi. Kila nilichosema kikazidi kunizamisha, maana kweli, nani anafunga kaniki kwenye fimbo ya pool? Kaka, hukuniambia umeichana kaniki ya mama. Niliitambua palepale, ile ya kulimia, yenye upindo alioushona kwa uzi mwekundu. Kile kipande chako kilikuwa na huo uzi mwekundu. Ndio uliowamaliza watu nguvu ya kufikiri. Weusi na wekundu, tena kutoka Handeni, hapo hata mimi ningekimbia.

Nilipokinyang'anya ndipo walipoanza. Mzee Semhando, maana ndiye huyo aliyenisalimia, alijitupa katikati, akapigwa naye. Kitambaa wakakichoma kwenye jiko la nyama. Mimi mtu mmoja akanyanyua benchi akanishushia kwenye mguu wa kulia, chini ya goti. Nilisikia kabla sijaumia.

Sikulaumu. Nimeandika sentensi hiyo na nimeisoma mwenyewe nione kama ni ya kweli. Kuna siku siyo ya kweli, hasa baridi ya huku ikiingia kwenye mfupa. Leo ni ya kweli. Ulitaka kazi yako iwe safi hata mahali ambapo hakuna atakayepaona, na hilo ndilo lililotupata sisi wawili.

Neema ndiye alikuwa kaunta siku hiyo. Yeye na mama yake walinitoa kwa mkokoteni, na mpaka leo niko uani kwao. Mama yake anauza chipsi, mimi namenya viazi. Mfupa umeunga, lakini umeunga upande. Daktari anasema uvunjwe tena uungwe upya, na mimi kusikia neno kuvunjwa nimemwambia asante. Nakaa kwenye kigoda, namenya ndoo hadi ndoo, na wapita njia wanadhani ni mume wa mtu. Mzee Semhando kila safari ananiletea machungwa ya Muheza na kuniomba radhi upya, mpaka naona aibu mimi.

Kwa hiyo swali lako la kila siku, kama fimbo za namna ile bado zinawasaidia wacheza kamari, jibu ndilo hilo. Hao vijana wa Segera wanaokuulizia wamechelewa, wanataka kuvaa kinyago ambacho kila mtoto anakijua. Watanunua moja, mbili, watapigwa, watakurudishia. Utabaki na mashine inayozunguka na huna cha kuizungushia.

Na shamba, kaka, nilikuwa na hesabu zangu juu ya lile shamba ambazo sijakuambia. Kulima sitaweza tena, hilo nimelikubali. Lakini mahindi yanataka mtu wa kuyaamia. Nyani wa Sindeni hawaulizi mguu wako uko vipi, wanataka kusikia debe tu na mdomo wa kupiga kelele, na mdomo ninao. Ningejengewa kidungu, kibanda cha juu cha kulindia, pale kwenye kona ya mwembe uliokatwa, mama angeniletea chai, tungegombana yeye na mimi mpaka jua lizame. Hapo tu duniani ndipo ninapopaona bado nina kazi. Hata nikikaa hapa kwa watu wanaonitunza vizuri hivi, usiku na mchana nafikiria kile kidungu. Usikiuze.

Mama usimwambie habari ya mguu. Mwambie Athumani ana kazi ya chakula, ni kweli kabisa. Nisalimie shemeji mama Zaina, mwambie nimekumbuka mlenda wake na sisemi kwa kumbembeleza. Mjomba wa Mnyuzi asalimiwe, bado anagombana na mbuzi za jirani? Na shangazi yetu wa Mpale, aliyesema tangu mwanzo kwamba kamari haimpi mtu nyumba, mwambie tu nimesema alisema. Zaina mpakate kwa niaba yangu, ingawa nasikia ameshakuwa mzito.

Lori linawashwa huko barabarani. Mungu akuwekee kifua chako na mikono yako.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani.

Kaka, nilikuwa nimeshaikunja. Sauti yako imeingia sasa hivi. Nimesikia vifijo, nimesikia mama akipiga vigelegele, nimesikia watu wakisema "polepole, polepole" wakishusha chuma kizito. Unasema mnunuzi alikuja jana na kila kitu kimekwisha, na kwamba ulitaka kunishtukiza.

Mzee Semhando amesimama mlangoni ananiuliza aendelee kuisubiri barua au basi. Nimemwambia aichukue. Imeshaandikwa.

Na mwisho wa sauti umeniuliza tena kama fimbo bado inanisaidia. Inanisaidia, kaka. Ndiyo ninayotembelea. Neema aliniokotea vipande vyote viwili, nikaviunga. Ila bila ile kaniki kiungo kinalia kila nikikanyaga, watoto wa mtaa wananisikia kabla hawajaniona, na ncha ni nyembamba, inazama kwenye tope la huku.

Basi hiyo mashine ukiiwasha, kabla ya kitu kingine chochote, nikerezee mkongojo. Pima kwa urefu wa marehemu baba, tulikuwa sawa. Uwe wa mti mmoja, usiwe na kiungo, wala usiupake masizi. Mama akiuliza ni wa nani, mwambie kuna mzee mmoja wa Tunduma ameagiza.