Mshale Niliounyoosha kwa Moto

Ruwi, Maskati

Kaka yangu Ramadhani,

Salamu zikufikie ukiwa umekaa, maana mgongo wako naujua msimu huu wa kulima. Shemeji kifua kimepona? Mama anakula? Mimi mwili mzima, nimenenepa hata. Kilichopungua ni nywele, na hizo hazikuwahi kuwa nyingi. Barua hii anakuletea Juma wa Kolo, tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja hapa. Mkataba wake umekwisha, anarudi. Ningepiga simu, lakini sikio lako moja lilishastaafu, na jambo lenyewe ukilisikia nusu utalielewa vibaya.

Uliagiza kupitia mwanao nikutumie dazeni ya vijiti vya kaboni, utengeneze mishale ya kuwanyamazisha wazee wenzio kwenye mashindano ya shabaha. Jibu ni hapana. Usikunje uso, soma kwanza.

Tajiri wangu, bwana Seif, ambaye wazee wake walitoka Unguja, ana kiwanja cha kupigia upinde huku nyuma ya milima. Aliniajiri kwa sababu nilimwambia nimekua na upinde. Ni kweli. Sikumwambia tu kwamba upinde ulikuwa wako, na mimi nilikuwa wa kubeba kitoweo, siku kilipopatikana. Kazi yangu ni kukata vijiti, kubandika manyoya na kutia vigumba nchani.

Kuchagua kaboni si kama kuchagua fito porini. Unatazama kwanza upinde una nguvu gani na mpigaji ana mkono wa urefu gani, ndipo unatafuta kijiti chenye ukakamavu wa kulingana navyo. Kikiwa kigumu mno mshale unakwenda kushoto, kikiwa laini mno unakwenda kulia. Na namba zao ni kinyume: kubwa ndiyo laini. Wewe ungechukua kubwa na kutembea nayo kijiji kizima. Kigumba kizito kinakilegeza kijiti, kukikata kifupi kunakikaza. Wapiga shabaha wengi hutaka vyepesi. Bwana Seif alitaka vizito, maana alikuwa amepata kibali cha kuwinda Namibia kwa upinde wa mbao, safari aliyoingoja tangu mkewe alipofariki.

Kisha kila kijiti unakizungusha juu ya ukucha uone kama kinatikisika, unakipinda karibu na sikio usikie kama kinalia. Kikitikisika au kikilia, kinatupwa. Kaboni hainyooshwi. Hilo niliambiwa siku ya kwanza kabisa.

Lakini kaka, baba yetu ni mmoja. Unajua marehemu alivyomtazama mtu anayetupa kijiti kwa sababu kimepinda. Alikipitisha kwenye makaa, akakikandamiza gotini, kikanyooka. Sasa katika dazeni ya safari ya bwana Seif kimoja kilitikisika kidogo, kidogo sana. Nikaona haya kukitupa, mtoto wa fundi mishale mimi. Nikakipitisha juu ya jiko la gesi tunalochemshia chai, nikakikandamiza kwa kitambaa, kikanyooka. Nikapiga na mluzi.

"Hamisi, ushaikagua yote?" bwana Seif aliniuliza.

"Yote, bwana."

"Basi mie sipindi tena. Nnakuamini."

Mshale wa tatu ulipasuka pale alipoachia upote wa upinde. Ulilia kama unyasi mkavu uliokanyagwa. Vipande vilimwingia mkono wa kushoto, kati ya kidole gumba na cha shahada, vyeusi, vyembamba kuliko miiba ya samaki. Daktari alivitoa vyote alivyoviona, nami nikavihesabu kama wadudu. Kidole gumba hakikunjiki mpaka leo. Upinde hawezi kuushika. Namibia imekufa.

Akiwa bado kitandani hospitali akampigia simu muuzaji wetu wa vijiti wa hapa Ruwi, mtu mpole, akamwambia maneno ambayo sikujua anayajua. Mimi nilikuwa pembeni na mfuko wa machungwa. Nilinyamaza siku tisa, kaka, nikimchemshia chai kwenye jiko lilelile. Siku ya kumi nikamwambia.

"Jiko hili hili?"

"Hili hili, bwana."

Alilitazama jiko, si mimi. "Na mie nshamtukana mtu wa watu." Akanigeukia. "Ni mmoja tu?"

Haukuwa mmoja. Miaka mitatu, kila kijiti nilichokionea huruma nilikipasha, nikakichanganya na vya wateja.

"Mingapi?"

"Kumi, bwana. Au kumi na mmoja."

"Mtu hata mbuzi wake hawahesabu hivyo," akasema. Akampigia muuzaji akamwomba radhi mbele yangu, neno kwa neno, kisha akanisukumia daftari la wateja. "Sikufukuzi leo. Nikikufukuza nani atawajua watu hawa? Waite wote. Mambo yako tutayazungumza baadaye."

Nimewaita. Karibu kila mshale niliotengeneza umerudi na tumeuvunja, mizima na mibovu, kwa sababu ukishaupaka rangi na kuubandika manyoya huwezi kujua upi ulionja moto ukadhoofika ndani. Mama mmoja, aliyehamia hapa kutoka Bujumbura, aliniletea yake akacheka: "Kumbe tulikuwa na mpishi, sisi tukidhani fundi." Nilicheka naye.

Ndiyo maana sikutumii, kaka. Utaapa kwamba hutaipasha, na utaipasha. Nakujua kwa kuwa najijua. Endelea na fito zako; zikivunjika zinavunjika kwa adabu.

Nisalimie shemeji, mwambie dawa ya kifua ipo kwa Juma. Msalimie mwanao, asome. Mjomba wetu wa Kondoa mjini mpe pole ya ng'ombe wake. Mama mwambie kazi inaendelea vizuri, usimwambie zaidi.

Dazeni moja haijarudi. Aliichukua mwalimu mmoja aliyehamia Salala, na simu yake haipatikani. Alichukua mishale mifupi, ya binti yake wa miaka kumi na miwili, alipimwa mkono mbele yangu. Ninalo jina la shule tu. Kesho alfajiri napanda basi kwenda huko, ni safari ya kutwa nzima. Niombee nimkute mtoto huyo hajaanza kupiga.

Mimi mdogo wako,
Hamisi