Bibi Qin Apewe Sababu Gani?

Bi Ge mpendwa,

Nisaidie, maana nimebakiwa na siku tisa za kukabidhi muswada na sina mwingine wa kumwuliza, mume wangu nilimwuliza akasema niandike chochote tu, watu watatazama, na wenzangu kazini nikiwaambia watanicheka mpaka nihame mji.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, naishi hapa Dongyang, na kazi yangu ni kuandika tamthilia za televisheni za zama za kale, zile za majumba makubwa na nguo za mikono mirefu, ambamo wake wanne wa mume mmoja wanatiliana sumu kwenye supu ya mbegu za yungiyungi. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na sita. Nimeua masuria thelathini na wawili, sisemi kwa kujisifu, nataka tu ujue kwamba si mgeni wa mambo haya.

Safari hii naandika habari za familia ya mfanyabiashara wa chumvi wa Yangzhou, na humo ndani yupo mke mdogo aitwaye Bibi Qin, ambaye anamtoa binti yake wa miaka minne alelewe na mke mkubwa, ili yeye apate nafasi ya kumzalia mume mtoto wa kiume, na kwa desturi ya nyumba ile mtoto anaanza kumwita mke mkubwa mama, na mama yake mzazi anamwita shangazi, mbele za watu na hata wakiwa wawili tu. Mtoto wa kiume anazaliwa, mke mkubwa anafariki, Bibi Qin anashika funguo za nyumba, na kuanzia hapo anamsumbua yule binti kwa sehemu ishirini na sita mfululizo. Mtayarishaji wetu, Bwana Tao, ameipenda sana.

Sasa Bi Ge, lazima nikwambie na hili, ingawa sijawahi kuliandika popote. Nilizaliwa wakati wa sheria ya mtoto mmoja, mama alikuwa mfumaji katika kiwanda cha hariri cha serikali, na mfanyakazi wa kiwanda akizaa wa pili kazi hana, na wao walitaka mvulana, nikatoka mimi, kwa hiyo nilipelekwa kijijini milimani kwa Guizhen, dada wa baba, sikuandikishwa popote, na baada ya mwaka na nusu akazaliwa mdogo wangu Jianbo, ambaye ndiye aliyeandikwa kwenye kitabu cha nyumba kuwa mtoto wao wa pekee. Guizhen ndiye niliyemwita mama. Kila Mwaka Mpya alinileta mjini kwenye nyumba za kiwanda, tukifika getini ananifinya mkono na kuniambia, "Ukimwona, useme Shangazi, umesikia?" nami nasema Shangazi, na shangazi ananipa keki ya mchele na kuniuliza kama nasoma kwa bidii. Nilipofika miaka tisa wakanichukua, majirani wakaambiwa nimekuja kwa ajili ya shule, kwa hiyo Shangazi ikaendelea, hata mezani, hata mlango ukiwa umefungwa. Kiwanda kilipofungwa nilikuwa na miaka kumi na minne, na siku hiyo hiyo mama akaniambia sasa unaweza kuniita mama. Ulimi ulikuwa umeshazoea vingine. Mpaka leo nikimhitaji humsogelea kwanza, ili nisilazimike kumwita.

Mama ana miaka sabini. Alikuja kwangu tangu vuli, akitokea kwa Jianbo, kwa sababu ana mtoto wa jicho macho yote mawili na daktari wa huku anasifiwa. Daktari yuko tayari, kitanda kipo, ila kila tukipanga siku mama anasema, "Ngoja kwanza hadithi iishe." Maana herufi hazioni, hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana namsomea muswada, naye anamenya karanga na kusikiliza.

Bi Ge, mama yangu ana kipaji. Sehemu ya sita nilimfanya Bibi Qin ampige binti kofi, mama akacheka.

"Kofi la nini? Kofi ni la mtumishi. Ukitaka kumwumiza binti yako, msifu binti wa jirani, halafu mwambie aongeze wali."

Nikabadilisha, na Bwana Tao akanipigia simu kusema hiyo meza ya wali imemkosesha usingizi. Sehemu ya kumi na moja nilitia sumu kwenye supu, mama akasema, "Acha upuuzi, mwanamke wa nyumba kubwa hata jikoni hajui pako wapi." Nikaitoa. Anamchukia Bibi Qin kwa dhati. Amemwambia jirani wa ghorofa ya chini, "Ikianza kuonyeshwa usiitazame wakati wa kula, yule mwanamke atakuharibia tumbo."

Hajawahi kuonyesha kwamba anajiona humo. Nami sijasema kitu.

Kisha tukafika sehemu inayorudi nyuma, pale Bibi Qin anapomtoa mtoto. Nilisoma, mama akaacha kumenya.

"Miaka minne ni mingi," akasema. "Mtoto wa miaka minne ameshajua kukushika nguo, humtoi. Mtoe akiwa wa mwezi mmoja."

Nikaandika mwezi mmoja.

"Na mayai mekundu je?"

Nikamwambia hakuna mayai, mtoto anatolewa kimya kimya, hawezi kugawa mayai ya kutimiza mwezi kwa majirani kama mwenye sherehe.

"Kugawa hagawi. Lakini ayachemshe. Ayapake rangi, ayafunike na bakuli, halafu ayale mwenyewe jikoni, amesimama. Mpaka yaishe."

Nikamwuliza hayo ameyatoa wapi, akasema kwenye televisheni. Nimeshakwambia nimefanya kazi hii miaka kumi na sita, na sijawahi kuyaona kwenye televisheni yoyote. Niliyaandika. Mwigizaji wetu alipopewa ukurasa huo aliomba akae peke yake kidogo.

Sasa tumefika mwisho na hapa ndipo nilipokwama. Sehemu ya arobaini binti anarudi, ameolewa na ofisa mkubwa, anamkabili Bibi Qin. Bwana Tao anataka Bibi Qin apige magoti mbele ya vibao vya majina ya mababu, aombe msamaha, anywe sumu, kwisha, maana anasema watazamaji wamengoja sehemu arobaini wamwone akifa na hatuwezi kuwadhulumu. Nilimsomea mama hivyo. Akasema, "Hapana. Huyu mwanamke hana sababu. Umempa vitendo tu. Mpe sababu, halafu mwue ukitaka."

"Sababu gani?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye mwandishi."

Tangu siku hiyo kila nikikaa kusoma ananiuliza, "Umempa?" nami nasema bado. Nimeandika sababu saba. Nimeandika umaskini, nimeandika mchawi, nimeandika kwamba alitishiwa na mama mkwe, zote nikisoma naona aibu nakunja karatasi. Na amesema hadithi ikiisha atatibiwa macho yake na kurudi kwa Jianbo.

Naomba unishauri, Bi Ge, nimwue Bibi Qin kama bosi anavyotaka, au nimpe sababu kama mama anavyotaka, na kama ni sababu, niitoe wapi? Na je, unadhani mama amejitambua? Naogopa nikimwuliza nitamvunjia heshima, na nisipomwuliza hatarudi tena.

Mimi,
Mwenye Siku Tisa, Dongyang

*

Mwenye Siku Tisa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma, ya pili kwa hasira. Mwanamke mzima, unalipwa kujua yaliyo mioyoni mwa watu waliokufa miaka mia tatu iliyopita, halafu unaniandikia mimi huku Hangzhou nikwambie yaliyo moyoni mwa bibi anayemenya karanga mbele ya magoti yako.

Unauliza kama amejitambua. Hebu tulia. Aliyekwambia mtoto wa miaka minne hatoleki, hutolewa wa mwezi mmoja, hilo alilijua kwa nani? Yale mayai yaliliwa katika jiko gani? Ulimwuliza, akakujibu televisheni, nawe ukainama ukaandika. Yaani mtu amekupa kitu alichokificha miaka arobaini, wewe ukakipeleka kwa Bwana Tao. Amejitambua tangu siku ya kwanza, mwanangu. Huyo Bibi Qin mama yako anamchukia kwa sababu anamfahamu kuliko wewe, na alianza kumchukia kabla hujampa jina.

Na macho hayo. Daktari yupo, kitanda kipo, mgonjwa hataki. Hukujiuliza? Akiona vizuri atajisomea mwenyewe, na nani tena atakaa naye saa nzima kila siku baada ya chakula? Anavumilia giza ili akusikie ukisoma. Safu hii nimeiandika miaka ishirini na moja, nimepokea barua za waume wenye nyumba tatu na wakwe wasiotaka kutajana majina, lakini hapo kwenye macho niliweka kikombe chini.

Usidhani namtetea. Alikukosea, na nalisema wazi kwa sababu naona wewe umeogopa kulisema katika kurasa zote hizo. Sheria ilikuwa sheria, na wengi walifanya kama yeye, mimi mwenyewe ninao ndugu waliokua kwa majina ya wengine. Lakini sheria haikumwambia achague mvulana. Wala hakuna askari aliyekuwa chini ya meza wakati unamwita Shangazi na mlango umefungwa. Hayo ni yake. Ana haki ya kuyasema kwa mdomo wake, na wewe una haki ya kuyasikia.

Kosa lako ni hizo sababu saba. Unataka kumsemea. Ukimwandikia sababu nzuri, utakuwa umemsamehe kabla hajaomba. Ukimwandikia mbaya, umemhukumu kabla hajasema. Na yote mawili utayafanya ukiwa umejificha nyuma ya mke wa mwuza chumvi, jambo ambalo, samahani, si la mtu wa miaka arobaini na moja. Ndiyo maana unaona aibu. Aibu hiyo ina akili kuliko wewe, isikilize.

Basi fanya hivi. Kwanza mpigie Bwana Tao, mwambie unampa magoti, vibao vya mababu na sumu, kila kitu alichoagiza. Yaandike mchana mmoja, kazi unaijua, ongeza mvua ukipenda. Watazamaji watalia na wewe utakuwa huru. Bibi Qin wa televisheni hakuwa tatizo lako hata siku moja.

Pili, kesho kutwa mtume mumeo sokoni, maana naona ni mtu wa kutoa maoni. Baada ya chakula kaa pale unapokaa kila siku na karatasi mkononi. Andika maneno ya binti tu. Ya mama acha wazi. Soma kwamba binti anaingia chumbani, mama amekaa, hakuna mtumishi, mlango umefungwa, binti anauliza, "Kwa nini ulinitoa?" Halafu nyamaza.

Atakwambia yeye hajui, wewe ndiye mwandishi. Mwambie, "Hapa siwezi. Maneno haya sinayo." Kisha nyamaza tena, na hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu nyinyi waandishi wa tamthilia kimya kikizidi kidogo mnaita upepo au mnapiga zeze. Usiite kitu. Usimpe chai. Usimwambie basi, tuache. Akiinuka akaenda jikoni, mngoje. Akirudi akaanza habari za Jianbo, msikilize mpaka amalize, kisha urudie swali lilelile kwa sauti ileile.

Huenda siku hiyo asiseme. Rudia kesho yake. Amekaa na sababu hiyo muda mrefu kuliko wewe, na hajawahi kuitoa mbele ya mtu, mwache apapase. Lakini kitanda cha hospitali weka siku sasa hivi, kabla hata ya kusoma, ili ajue kwamba kukaa naye hakutegemei hadithi wala ugonjwa. Na mwambie kwa maneno, usimwachie akisie, kwamba baada ya macho atakaa kwako kadiri atakavyo. Sikuona popote katika barua yako kwamba umemwambia hivyo.

Jambo la mwisho, na hili ulishike vizuri. Sababu atakayokupa inaweza kuwa ndogo. Inaweza kuwa kwamba aliwaonea haya wafumaji wenzake. Inaweza kuwa kwamba alitaka mvulana, basi, na akadhani atazoea kukukosa. Inaweza kukuudhi, inaweza kukuliza, na ninavyoijua kazi yako, utasikia mkono ukiwasha kutaka kuinyoosha iwe nzuri zaidi. Haitafaa hata kidogo kwa televisheni. Ipokee ilivyo, na usimrekebishe hata neno moja.

Bi Ge