Mashine ya Moshi na Dirisha la Jikoni

S.L.P. 4608,
Igogo, Mwanza.
Jumapili, 18 Juni 1995

Mpendwa shemeji Yeremia,

Habari za huko Odense? Mwenzangu Getruda hajambo? Na Odeta, bado anakataa maziwa? Sisi tunaendelea vizuri, isipokuwa kifua changu, nitakuja kukieleza. Mama ni mzima, ila miguu inamsumbua kwenye ngazi za mawe. Kija ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anaongea kuliko redio.

Kaka yako Machibya, tangu wapunguze watu kiwandani, sasa anapima samaki kwenye kiwanda cha minofu. Akirudi, paka wa mtaa mzima wanamsindikiza. Maduka ya Mirongo nayo yamejaa kila kitu siku hizi. Ukitaka feni au pasi, huombi kibali kwa mtu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Barua yetu ya Pasaka ilikudanganya. Maneno yalikuwa ya mama, mwandiko ulikuwa wangu. Tulikuambia ile mashine ya kuvuta moshi uliyotutumia inafanya kazi vizuri. Shemeji, haijawahi kuvuta hata moshi wa kiberiti. Mwanga unaouona kwenye picha tuliyoambatanisha, juu ya kichwa cha mama, ni tochi. Machibya aliishika kwa nyuma. Ukitazama vizuri utaona kiwiko chake.

Ilipofika ilitaka ukuta wa nje ili itoe moshi, na jikoni ukuta wa nje ni ule mmoja wenye dirisha. Machibya akaliziba kwa matofali siku hiyo hiyo. Kisha ndipo akamwita fundi Antoni aunganishe umeme. Unatujua tulivyo, tunajenga kwanza, tunauliza baadaye.

Antoni alichungulia nyaya akaguna. Marehemu baba aliweka waya mmoja jikoni, nao unalisha taa, friji na pasi, na hauna ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Alisema mashine ya bati namna ile, inayokaa juu ya mvuke na mafuta, haidokoi umeme wa taa. Itolewe laini yake yenyewe kutoka kwenye meni swichi, iwe na fyuzi yake, na waya wa ethi uende kwenye fimbo ya shaba iliyozama ardhini. Machibya hakutaka kusubiri, akambembeleza aiunganishe kwenye taa. Siku shangazi Suzana alipotoka Kisesa kuja kuiona, niliigusa kwa mkono wenye maji ya mchele, ikanitupa hadi mlangoni. Antoni aliikata siku ile ile akaapa hatairudia bila ethi.

Basi laini akavuta, fyuzi akaweka. Ni fimbo ya shaba iliyotushinda. Umezaliwa hapa, unajua nyumba hii imekaa juu ya nini. Alijaribu mbele, nyuma na pembeni ya choo, na kila mahali akichimba shubiri moja tu anakutana na mwamba. Fimbo imepinda kama ndoana. Udongo uko kule chini kwa jirani, naye hataki waya wetu upite kwake.

Mashine haiwaki na dirisha halipo. Napika kwa mkaa katika chumba ambacho mlango wake pekee unafungukia sebuleni. Nikitoa jiko nje, mama analirudisha ndani: majirani waone nyumba yenye mashine ya Ulaya inapika uani? Nikiomba dirisha lizibuliwe, anasema mwenyewe uliyeituma utakuja kuiwasha. Kila asubuhi anaifuta kwa khanga yake safi. Machibya ndiye mkubwa kwenu, lakini mbele ya mama anakuwa mdogo kuliko Kija. Nimechoka, shemeji. Nina hasira, na sina pa kuipeleka kwa sababu humu ndani hakuna mtu mbaya.

Alhamisi iliyopita nilianguka nikikaanga sato. Kichwa kilianza kugonga, macho yakaingia giza. Mama ndiye aliyeniburuta hadi barazani kwa miguu yake ile mibovu, akanipepea huku analia. Hospitali wamesema ni hewa ya mkaa, na wamesema pia nina mimba ya miezi mitatu. Nilidhani sasa dirisha litafunguka. Mama alisema tumsubiri Yeremia.

Unajua mama hasomi. Barua zako zote ni mimi ninayemsomea. Ile ya mwezi uliopita nilipoifungua, nilifikiria kuongeza mstari mmoja tu, kwamba umesema dirisha lizibuliwe. Nani angejua? Nilifika mahali pa kuuongeza, nikamtazama mama amefumba macho anakusikiliza wewe. Nikashindwa. Nikamalizia salamu zako, nikaikunja.

Kwa hiyo andika wewe. Mwambie dirisha lifunguliwe, mashine iwekwe juu ya kabati la sebuleni aitazame anavyotaka. Na kama huji mwaka huu, sema huji. Usiandike tena kwamba Mungu akipenda utakuja, maana hilo ndilo analolingoja. Mimi nitamsomea kilichomo, neno kwa neno, hata kama kitamliza.

Machibya anakusalimu, ingawa hajui nimeandika haya. Kija anaomba picha ya theluji. Shangazi Suzana anauliza kila mara kama mashine imepona. Nisalimie Getruda, umbusu Odeta. Mungu awalinde huko ugenini, nasi atujalie pumzi.

Ni mimi shemeji yako ninayekupenda kwa dhati,
Teodora