Mama Aisha, Nimenyamaza

Mama Aisha,

Kaa vizuri huko uliko, maana nina habari kubwa na siwezi kuitoa polepole. Diane amerudi! Yule yule binti niliyemfukuza kwa mdomo wangu. Amerudi, amekaa, amesema. Na mimi, kinyozi niliyechosha kwa maneno vichwa vya Bujumbura, Goma na Kampala, nimenyamaza. Ndiyo, mimi. Ulizia mtaa wetu mzima wa Nyamirambo.

Unakumbuka uliponichukua? Mwalimu mzima, mstaafu, unaingia saluni ya mtu wa darasa la sita kutafuta msaidizi wa kufundisha vijana kazi ya amani. Nikakuuliza kama una homa. Ukasema, "Vijana wanakuambia wewe wasiyowaambia wazazi wao." Nikavimba kichwa. Mpaka leo hakijarudi saizi yake.

Halafu nikaharibu. Siku ile kwenye kikao cha vijana, Diane alianza, "Baba yangu ametoka jela," akakwama. Chumba kikawa kimya. Saluni ikiwa kimya mteja hukimbia, basi nikatupa utani: haya, mlete nimnyoe, mara ya kwanza bure! Wengine wakacheka. Yeye akachukua mkoba wake, akaondoka. Hukunigombeza. Uliniambia tu, "Ule ukimya ulikuwa wake, sha, rafiki yangu. Umemnyang'anya." Heri ungenipiga.

Ukatangulia kabla hajarudi, na hilo ndilo lililonichoma. Baada ya arobaini yako nilikwenda kwao kumwomba radhi. Bila utani hata mmoja, Mama. Nusura nife.

Jumamosi akaja kikaoni. Akakaa karibu na Eric, yule ambaye katika ukoo wake mzima walibaki yeye na bibi yake tu baada ya mauaji ya kimbari. Diane akaanza pale pale. "Baba yangu ametoka jela. Aliua watu."

Kisha kimya.

Mama, kimya kile! Vichekesho vitano vilikuwa vimepanga foleni kwenye ulimi wangu. Nikakalia mikono, utadhani ulimi uko mikononi. Nje pikipiki zikapita, adhana ikaanza, adhana ikaisha. Ndipo akasema, "Kila asubuhi ananichemshia chai. Mimi siwezi kuinywa." Akalia. Akamwambia Eric kwamba kama anataka kuhama akae mbali naye, yeye ataelewa.

Eric akasema, "Nihame niende wapi? Hicho kiti nimekuwekea mimi."

Wee! Ningekuwa na ngoma ningeipasua. Na bado: wawili hao wanakwenda kufungua kikundi cha vijana mtaa wa Gikondo, wao wenyewe, Diane akiongoza! Hao ni wanafunzi wako. Haya, na wangu kidogo.

Lakini tulipokuwa tunapanga viti, Diane akanigeukia. "Na wewe, Kinyozi? Kwenu ilikuwaje miaka ile?"

Nikatafuta utani. Sikuupata. Wewe hukuniuliza hata siku moja, na sasa nadhani ulikuwa unaningoja. Nimemwomba anipe hadi Jumamosi ijayo.

Basi pumzika, mwalimu wangu, Mungu akulaze pema. Nakuahidi, Jumamosi saluni nitaifunga mapema. Nitakaa kati ya vijana wako, na nitaanza kwa jina la mama yangu, ambalo sijalitamka tangu nilipokuwa mtoto.

Wako,
Kinyozi