Mizinga Mitupu

Mihambo, mume wangu mdogo,

Marahaba. Barua yako nimesomewa mara mbili. Babu yako anasumbuliwa na goti tu, mdomo mzima kabisa.

Unauliza kama wanyonge kama ninyi mnaoandamana huko wanaweza kuizuia kampuni ya kigeni. Miaka ya mwanzo ya Uhuru, kampuni moja ya tumbaku ilitaka msitu wetu hapa Kwihara uwe kuni za kukaushia majani yao. Kwetu mti wenye mzinga wa nyuki haukatwi, hata kama mwenyewe humjui. Basi tukachonga mizinga na kuitundika kwenye kila mti mkubwa. Nami nilipanda, babu yako akishika kamba chini na kutazama pembeni kwa adabu.

Wakataji wa kampuni walikuwa vijana wa huku huku. Walipofika walijua mizinga ni mitupu. Hapakuwa na nyuki hata mmoja. Msimamizi wao akafoka, “Kateni!”

Mmoja akaweka shoka chini. “Bwana, mti huu una mwenyewe.”

Wenzake nao wakaweka yao.

Miti ilipochanua, nyuki wakaja wenyewe. Asali niliyokutumia imetoka humo. Usiilambe peke yako, wape na hao unaoandamana nao.

Bibi yako,
Kabula