Miche Mifupi ya Dindira

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Dindira tu wazima. Babu yako anakohoa, ila chakula hakimshindi.

Unauliza kama taa za sola ulizotufungia stoo zina kasoro, maana miche ya nyanya tuliyootesha humo ni mifupi. Thubutu! Nilipokuwa msichana tuliotesha miche ya kabichi jikoni kukwepa baridi. Ikarefuka upesi, tukashangilia. Tulipoihamishia shambani ikalala yote chini. Kumbe ilirefuka kwa kutafuta mwanga.

Hii yako ilishiba mwanga, haikuwa na cha kutafuta. Juzi nimeipanda shambani. Leo ukungu ulipoondoka nimeikuta yote imesimama, minene kama vidole vyangu.

Majirani wanataka mbegu. Nimewaambia mbegu ni ileile ya dukani, ila mjukuu ni wangu.

Bibi yako