Mpangaji wa Shangazi Hana Kazi

Mpendae, Jumatano, 17 Disemba

Mama yangu, shikamoo. Niliahidi kukueleza yote, hata yanayonitia haya.

Shangazi ana mpangaji Mjerumani, Bi Klara, anayewafanyia kazi watu wa kwao kwa kompyuta, humu humu ukumbini. Ameomba kibali cha kukaa mwaka mzima, na fomu tuliijaza mimi naye. Akikikosa ataondoka mwezi ujao, nasi tumeshamzoea.

Jana afisa wa vibali alikuja kuuliza habari zake. Shangazi amezoea wapangaji wa viza ya matembezi, ambao hawaruhusiwi kufanya kazi, basi akamwahi afisa, aliyekuwa bado na mkate wa kumimina mdomoni.

"Kazi? Huyu hana kazi, mwanangu. Kula na kulala tu."

Afisa akaacha kutafuna. "Hana kabisa?"

"Hata kikombe haoshi."

Bi Klara, ambaye Kiswahili bado kinampita, akatabasamu na kuitikia, "Naam."

Niliona kalamu ya afisa inasita, nikasema, "Samahani shangazi, kibali hiki wanapewa wenye kazi za kwao. Bi Klara anafanya kazi mpaka chai yake inapoa."

Shangazi akanitazama, kisha akamgeukia afisa. "Si ndivyo nilivyosema? Huyu hapumziki hata Ijumaa."

Afisa alicheka mpaka akapaliwa, akaandika. Jibu ni wiki ijayo. Lakini tangu jana shangazi ananiita "Bi Wakili" tu.

Nakuombea afya, mama. Nijibu upesi: aliyemsahihisha mkubwa wake mbele ya mgeni, kwa kusema kweli, anaomba radhi?

Mwanao, Mwanakhamis